Pipa Lililofunguliwa Machi

Jovina alikuwa na miaka saba katika maabara ya kiwanda kimoja cha vidonge, Kigali. Kellen alikuwa na miezi mitatu tu. Lakini siku hizi mkuu wao, Mugenzi, kila akiingia huuliza, "Kellen yuko wapi?" kabla hata ya kuwasalimu wengine. Swali hilo lilimkaa Jovina kooni kama mwiba wa samaki.

Ikatokea vidonge vya presha vikawa vinapungua nguvu ghalani. Jovina akalaumu joto. Kellen, msichana aliyekulia Mbarara, akashuku unga unaoshikamanisha vidonge, ambao wenyewe si dawa. Akaupima, akakuta peroksidi: kiasi kidogo mno, lakini chenye kuila dawa polepole.

"Jovina, rudia kipimo," Mugenzi akasema. "Nataka mtu wa pili athibitishe."

Jovina akashuka stoo. Mapipa ya unga huo yalikuwa mawili: moja lilifunguliwa tangu Machi, ndilo alilochota Kellen, la pili lilikuwa bado na lakiri. Alijua alitakiwa kuchota lipi. Hata hivyo akavunja lakiri ya lile la pili.

Kipimo kikatoka safi, kama alivyotamani. Akampelekea Mugenzi karatasi, furaha ameifungia kifuani.

Mugenzi akamwita Kellen aione, naye hakubisha. Aliisoma karatasi, akauliza taratibu, "Dada Jovina, hii iko ya pipa gani?"

Angeweza kudanganya, lakini lakiri iliyovunjwa ingemsuta.

"Jipya," akasema.

Akangoja kuumbuliwa. Kellen akamtazama kidogo, kisha akamgeukia Mugenzi.

"Basi ni hewa. Unga ulikuja mzima, sisi ndio tumeuharibu kwa kuacha pipa wazi. Bila dada kupima hilo jipya, nisingejua."

Siku hiyohiyo pipa la zamani likatengwa, na ripoti ikaandikwa kwa majina mawili. Kellen alikuwa ameelewa kila kitu, akamsitiri. Hilo ndilo lililomuuma Jovina kuliko kuumbuliwa.

Jioni wenzao wakaenda mtaa wa Gisimenti kula mishikaki. "Twende, dada," Kellen akamwambia. Jovina akasingizia kichwa. Akabaki peke yake na ripoti, akitazama jina lake lililotangulia la Kellen. Alitamani kulifuta lile la pili, na papo hapo akaona haya.