Vigae Ishirini na Vinane

Magoti ndiyo yaliyompeleka fundi darasani. Baada ya miaka ishirini na sita ya kutambaa kwenye sakafu za watu akipanga vigae, yaligoma yote mawili, na daktari akamwambia bila kumung'unya maneno atafute kazi ya kukaa kitini. Basi akajiandikisha kwenye chuo kidogo kilicho juu ya duka la vitabu, kujifunza kuandika programu za kompyuta. Wanafunzi wenzake wote wangeweza kuwa wanawe, nao walimwita Mjomba. Vidole vyake vinene vilibonyeza herufi mbili kwa mpigo, lakini hakukosa kipindi hata kimoja.

Alasiri moja mwalimu wao, binti mpole asiyependa kurudia maneno, alichora ubaoni uwanja wa miraba kama karatasi ya hesabu, kisha akachora duara ndani yake.

"Upana wa duara ni pungufu ya upana wa uwanja kwa mraba mmoja tu," alisema. "Kitovu kiko pale miraba minne inapokutana. Programu yenu iniambie miraba mingapi imo nzima ndani ya duara, na mingapi imekatwa na mstari wake."

Vijana wakaanza kukuna vichwa. Fundi alilinakili duara daftarini. Duara kama lile alishawahi kulipigia magoti.

Ilikuwa miaka tisa nyuma, yeye na kaka yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi. Walipewa ukumbi wenye sakafu ya duara, yao ya kwanza ya namna hiyo, upana wake vigae kumi na vitano, wakaanza kupanga kutoka kitovuni, pale vigae vinne vilipokutana. Kaka alipiga hesabu ya eneo akapata mia moja sabini na saba, akaongeza vitatu vya tahadhari, wakaletewa mia moja na themanini. Vilikuwa vigae vya maua: ukikata kimoja, kipande kinachobaki hakifai kwingine, maana ua halitakaa sawa. Walipofika ukingoni, vigae vikaisha. Vilipungua ishirini na vinane, na kiwanda kilikuwa kimeshaacha kuvitengeneza.

Mwenye jengo aliwaka. Funguo za stoo alikuwa nazo kaka peke yake, na mdogo mtu, mbele ya vibarua wote, akamnyooshea kidole.

"Umeviuza."

Kaka alimtazama tu. Akafunga boksi la vifaa vyake, akaondoka, na hakushika tena kigae maishani. Tangu siku ile hawakusemezana. Hata walipomzika mama yao, kila mmoja alisimama upande wake wa kaburi.

Zoezi lile lilimtoa fundi jasho siku tatu. Majibu yake yalikuwa yanapishana na aliyoyahesabu kwa penseli. Mwalimu akaja kusimama nyuma yake.

"Mzee wangu, hapa unapima nini?"

"Napima katikati ya kila mraba, kama imo ndani ya duara."

"Na ukiwa kazini, kigae mkononi, unajuaje kama kitakatwa?"

Fundi alifikiri. "Naangalia kona, mwalimu. Ile iliyo karibu na kitovu na ile iliyo mbali kabisa. Zote zikiwa ndani, kinaingia kizima. Ya karibu ikiwa ndani na ya mbali nje, nachukua mashine ya kukatia."

"Basi iambie kompyuta hivyo hivyo."

Akaiambia. Kwa uwanja wenye upana wa miraba sita, skrini ilileta kumi na miwili mizima na ishirini iliyokatwa. Akahesabu kwenye karatasi, ikawa kweli. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaandika kumi na sita, uwanja wa duara la kumi na tano.

Mizima mia moja arobaini na minane. Iliyokatwa sitini.

Alijumlisha pembeni mwa daftari: mia mbili na nane. Akatoa vile mia moja na themanini walivyoletewa. Akaitazama ishirini na nane ile mpaka ikaanza kucheza machoni.

"Mwalimu, hii inaweza kukosea?"

"Inaweza. Ihakiki mwenyewe."

Akalichora duara zima, akatia alama mraba kwa mraba, wenzake wakitoka mmoja mmoja. Jibu halikubadilika. Akaikunja karatasi, akashuka ngazi huku ameshikilia ukuta.

Kaka yake siku hizi alitengeneza fremu za picha kwenye chumba chembamba kilichonuka gundi. Alimwona mdogo wake mlangoni, akaendelea kupiga msasa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Fundi alitandaza karatasi juu ya meza, akaeleza yote. Ile hesabu ya eneo ilikuwa sahihi, ila haikujua kwamba kigae kilichoguswa kidogo tu nacho kinaliwa kizima. Hakuna aliyeiba. "Nimekuja kuomba msamaha," akamaliza.

Kaka alifuata alama kwa ncha ya kidole, taratibu, duara zima.

"Kwa hiyo hukuvivunja," alisema.

"Kuvunja nini?"

"Vigae. Mimi nilijua umeviangusha, ukavificha. Ulikuwa ndiyo kwanza umeoa. Nikaona ukifukuzwa kazi utaaibika. Uliponinyooshea kidole nikasema, haya, amebanwa, na abebe mkubwa."

Fundi alitafuta kiti, akakaa. Kumbe wote wawili walikosea hesabu ileile, mmoja akaropoka, mwingine akabeba mzigo usio wake miaka tisa.

"Ungeniuliza," alisema.

"Nawe ungeniuliza." Kaka akaweka msasa chini. "Na kama mashine ingeleta jibu jingine, ungekuja?"

Fundi hakutaka kudanganya. "Sijui, kaka. Nadhani nisingekuja."

Kaka alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa alichotarajia. Hakusema amesamehe. Lakini karatasi hakuirudisha. Aliibandika ukutani kwa kipande cha utepe wa gundi, akaitazama tena, akauliza kile kigae cha juu kabisa kimeguswa kiasi gani. Wakabishana juu ya kigae hicho kwa muda mrefu.

Fundi alipoinuka kuondoka, kaka alimwona anavyojikongoja.

"Magoti?"

"Magoti."

"Kesho njoo asubuhi. Nina kioo kikubwa, hakibebeki na mtu mmoja. Utashika upande wa juu."