Seli za Kaka

Maabarani kwetu hakuna anayesoma damu ya ndugu yake. Ni sheria nzuri, maana jicho la ndugu huona linachotaka. Hata hivyo, asubuhi ile damu ya dada ilipoletwa, niliiweka chini ya hadubini kabla mwenzangu, tunayemwita Miwani, hajamaliza kufunga vifungo vya koti lake.

Dada alikuwa na saratani ya damu. Uboho wake, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, uliteketezwa kwa dawa, akapewa wa kaka yetu, mtu aliyewahi kuwa dereva, kinyozi na fundi bomba, asidumu popote. Nyumbani tulimtania kwamba seli zake nazo zitakuwa hivyo hivyo. Na kweli, seli za uboho huanza bila kazi maalumu. Baadaye nyingine huwa za kumeza vijidudu, nyingine za kutengeneza kingamwili, nyingine za kuua seli zilizoingiliwa na virusi.

Nilichokiona kilinikata maini: seli changa, kubwa kubwa, ambazo hazijawa chochote. Saratani yake ilionekana hivyo hivyo. Nilimpisha Miwani.

Alichungulia hadi nikatamani kumzaba kofi.

"Umeshachungulia mtihani, sivyo?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Niambie tu."

"Saratani huzigandisha zote utotoni. Hapa zimo za kila rika, bibie. Hizi changa, hizi zinakua, na hizi zimeshaingia kazini. Uboho umekubali."

Furaha ilinijaa hadi nikaona haya mbele yake.

Mchana nilisimama nje ya dirisha la chumba alichotengwa dada, tukaongea kwa simu. Nilipomweleza alicheka, kisha akauliza lini atambeba mwanawe, ambaye hata mwaka hajafikisha.

"Bado kidogo," nikasema. "Zilizofika ni za kumeza vijidudu. Zile zinazokumbuka magonjwa huchelewa sana kujifunza kazi. Kinga ya chanjo zako za zamani ihesabu imepotea, na mtoto anakohoa."

Nilijichukia kwa kujua mengi.

"Kwa hiyo nitachanjwa upya? Zile za watoto wachanga?"

"Zile zile."

"Basi tutapanga foleni pamoja, mimi na yeye. Tuone nani atalia zaidi."

Nilitaka kumjibu, lakini nilikuwa nimeshaanza kulia mimi.