Mama Mkwe Ndani ya Gari Linalouzwa

Kinyozi mmoja, ambaye wateja wake walimwita Wembe ingawa siku hizi alinyoa kwa mashine tu, aliamua kuuza gari lake. Mkewe ndiye aliyemsukuma.

"Gari hili linalala gereji zaidi kuliko linavyolala nyumbani," alimwambia. "Kama umeoa mke wa pili huko, sema nijue."

Basi Wembe akaliosha, akaling'arisha mpaka rimu, akabandika karatasi ya LINAUZWA kwenye kioo, akaliegesha kati ya nyumba yake na kibanda cha kunyolea. Wanunuzi hawakuwa tabu. Tabu ilikuwa mama mkwe.

Mama huyu aliishi nao tangu alipofiwa na mumewe. Kila alasiri aliingia garini, kiti cha nyuma, akafungua redio na kusikiliza habari mpaka usingizi umchukue. Tangazo la kuuza halikumbadilishia ratiba. Na Wembe, kama mkwe yeyote mwenye haya zake, angemwambia nini? Ashuke? Hata kumsalimia tu huwa anatafuta pa kuweka macho.

Wa kwanza kuja alikuwa karani wa benki, mtanashati, viatu vinameta. Alifungua mlango akakuta mtu.

"Karibu, mwanangu," mama akasema, akisogeza mkoba wake. "Twende, nami nikapunge upepo."

Wakaenda watatu, karani kwenye usukani. Walipokaribia kilima, mama akaegemea mbele. "Hapa huwa linazima. Usiogope. Libembeleze kidogo."

Likazima. Karani akaahidi kupiga simu, na simu yenyewe inasubiriwa mpaka leo.

Akafuata fundi umeme pamoja na mchumba wake. Mchumba aliipenda rangi, wakaenda kulijaribu, Wembe kwenye usukani, na mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka mama alipouliza, kwa nia njema kabisa, "Mnaoana lini, wanangu?"

"Tukishanunua gari," fundi akajibu.

Mchumba akageuka taratibu. "Kumbe ndoa yangu inasubiri gari?"

Walishushwa kwenye kona, kila mmoja akashika njia yake.

Jioni Wembe akamnong'oneza mkewe jikoni. "Zungumza na mama yako."

"Nimwambie nini? Kwani anasema uongo?"

"Hapo ndipo penye shida. Hasemi uongo hata kidogo."

Jumamosi akaja mwanamke wa makamo, miwani ya jua kaipandisha kichwani. Alikuwa mwalimu wa udereva. Hakutazama rangi wala hakupiga teke tairi. Aliinama dirishani.

"Shikamoo, mama. Gari lina matatizo gani?"

"Marahaba. Linazima kilimani. Gia ya pili inaingia ikipenda. Mlango huu haufunguki kwa nje. Lakini honi nzima."

Wembe akafumba macho.

"Nalichukua," mwalimu akasema.

Wembe akadhani amesikia vibaya. Mwalimu akamweleza: "Wanafunzi wangu nawafundishia gari jipya. Wakishapata leseni wanakabidhiwa vyuma chakavu vya baba zao, halafu wananipigia simu wako katikati ya barabara wanalia. Atakayeliweza hili ataendesha chochote."

Bei wakaelewana bila kuvutana sana. Wembe akakabidhi ufunguo. Mama mkwe hakushuka.

"Mama," Wembe akasema, akilitazama tairi, "gari limeshauzwa."

"Nimesikia. Nataka kumuuliza mwalimu. Mtu akiwa na umri kama wangu, unampokea?"

Mke wa Wembe, aliyekuwa akipita na beseni la nguo, akalitua chini.

"Mama, sisi tulijua unafuata redio humu."

"Redio si hata sebuleni ipo? Marehemu baba yako alikuwa na lori. Nilimwomba anifundishe, akasema kesho, tukazeeka na kesho yake. Nilipohamia kwenu nikaona gari. Nimekaa nyuma kwa sababu mbele hakuna aliyenikaribisha."

Mwalimu akazunguka hadi mlango wa dereva, akaufungua wazi. "Shuka huko nyuma, mama. Njoo ukae huku."

Wiki iliyofuata Wembe alikuwa amemnyoa mteja nusu kichwa aliposikia injini anayoijua ikikoroma barabarani. Akatoka na mashine mkononi. Mteja akamfuata, kitambaa kingali shingoni. Gari lilikuja polepole kiasi kwamba mwanamke aliyebeba ndoo ya maji alilipita. Nyuma ya usukani mama mkwe alikaa wima, ameukamata kama anayekamua blanketi. Mwalimu akawapungia mkono. Mama hakupunga, mikono yote miwili ilikuwa kazini. Lakini alipowafikia alipiga honi, ndefu, mpaka majirani wakachungulia.

"Nani yule?" mteja akauliza.

"Mama yangu," Wembe akasema. Akasimama pale mpaka gari likaishia kwenye kona, ndipo akamrudisha mteja kitini amalizie upande uliobaki.