Pilipili Hoho za Kundi C

Mtu asiyewahi kusoma huku analea watoto wadogo asinipe ushauri wa kupanga ratiba. Ratiba ninayo, imebandikwa mlangoni mwa friji, na mwanangu wa miaka miwili ameshaitafuna kona ya Jumatano. Huyo tunamwita Tingatinga, kwa sababu hapiti mahali pakabaki palivyokuwa. Dada yake, mwenye miaka mitano, ni Mkaguzi. Kila kitu lazima akione, akiguse, aulize kwa nini kimewekwa pale na si hapa.

Mimi nasoma kilimo cha bustani kwa masafa. Vitabu vinakuja kwa posta, maswali nayajibu mezani baada ya kufuta uji, na mwalimu tunasikilizana kwa simu. Sijawahi kumwona kwa macho. Nimempa jina la Mama Ushahidi, maana kila kazi niliyomtumia ilirudi na maneno yaleyale kwa wino mwekundu: "Ushahidi uko wapi?" Mwaka jana alinifelisha mtihani wa vitendo. Barua ya chuo ilisema wazi kwamba nikifeli tena naondolewa kwenye kozi. Miaka miwili ya kusoma huku nanyonyesha ingekuwa imekwenda na maji.

Kwa hiyo safari hii nilijifunga kibwebwe. Jaribio lilihusu umwagiliaji wa miche ya pilipili hoho: makopo ishirini na manne nyuma ya jiko, yamepangwa makundi matatu ya manane. Kundi A linapata maji kila asubuhi, mpaka yatiririke chini ya kopo. Kundi B linapata siku moja, linaruka siku moja. Kundi C mara moja tu kwa siku nne, kidogo, basi. Wiki sita. Kila Jumamosi napiga picha, napima urefu kwa rula, nahesabu majani na kuandika daftarini. Jibu lilijulikana hata kwa asiyesoma: hoho za C zitadumaa.

Hazikudumaa. Wiki ya tatu zilikuwa zimenawiri kuliko za B. Wiki ya tano zikazipita za A, ambazo zilikuwa zimeanza kugeuka njano. Nilipima mara mbili, nikapima ya tatu. Halafu, niseme ukweli, nikavimba kichwa. Niliandika hitimisho la kurasa mbili kwamba pilipili hoho hustawi zaidi zikinyimwa maji, na kwamba wakulima wengi wamekuwa wakijisumbua bure. Nikamsomea baba watoto wakati anavua viatu. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, hatofautishi mche wa hoho na wa nyanya, lakini alipiga makofi.

"Mama watoto, wewe utaandikwa kwenye vitabu," alisema. Nikamwamini.

Jumamosi ya mwisho, saa kumi na moja jioni, nilitoka kuanua nguo. Mkaguzi alikuwa amechuchumaa mbele ya Kundi C, amenipa mgongo. Mkononi alishika kikombe cha plastiki cha mwanasesere wake. Alichota maji kwenye ndoo, akamimina taratibu kwenye kopo la kwanza, akasema, "Kunywa." Akahamia la pili. "Kunywa." Alipofika la saba alimimina mara mbili, akaliinamia.

"Wewe unaumwa," aliliambia. "Chukua na hii."

Nguo zilinianguka. "Unafanya nini?"

Aligeuka, akaficha kikombe nyuma. "Nawanywesha."

"Tangu lini?"

"Tangu siku nyingi."

Nilikaa chini palepale, juu ya shuka safi. Ripoti ilitakiwa kutumwa Jumatatu. Kurasa zangu mbili za ugunduzi zilikuwa upuuzi mtupu, na jaribio lenyewe lilikuwa limeharibika bila mimi kujua. Nilitaka kumchapa, nikataka kucheka, mwisho nikalia. Tingatinga alikuja, akachukua soksi moja, akaenda nayo zake.

Baba watoto aliposimuliwa, alijibu kama fundi: palipotoboka pazibwe. "Punguza tu hizo namba. Majani kumi na mawili andika saba. Nani atakuja kuyahesabu?"

Sina sababu ya kujifanya malaika hapa. Nilishika kalamu, nikaandika saba mahali pa kumi na mawili, kwenye karatasi mpya. Kilichonizuia si wema. Ripoti ilitakiwa iende na zile picha za kila Jumamosi, na Mama Ushahidi ni mtu wa kuhesabu jani mojamoja kwenye picha. Nikaichana karatasi.

Jumapili asubuhi nikampigia simu, jambo ambalo mwanafunzi mwenye akili zake halifanyi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nilimweleza yote kwa pumzi moja: hoho, kikombe, mwanasesere.

"Huyo mtoto yupo hapo?" aliuliza.

"Yupo."

"Hebu nipe niongee naye."

Niliweka spika. Mkaguzi aliisogelea simu kwa heshima zote. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ile miche ulikuwa unaipa vikombe vingapi?"

"Kila mmoja kimoja. Wa saba viwili, kwa sababu alikuwa mgonjwa."

"Kila siku?"

"Kila siku katuni zikiisha. Ila siku ya sindano sikuwapa. Mkono ulikuwa unauma."

"Na ulianza lini?"

"Siku Tingatinga alipotumbukiza simu ya baba kwenye ndoo."

Mama Ushahidi alikohoa, na mpaka leo nashuku kile kilikuwa kicheko. "Mama," aliniambia mimi, "tarehe ya siku hiyo unaijua?"

Nyumba nzima inaijua. Karatasi ya fundi simu ilikuwa bado kwenye droo, na tarehe yake iliangukia siku ya nane ya jaribio. Siku ya sindano ilikuwa kwenye kadi ya kliniki. Kikombe tulikipima palepale kwa bomba la dawa ya kikohozi, kikaingia mililita thelathini. Nikafungua daftari. Mche wa saba, uliokuwa mfupi kuliko yote wiki ya kwanza, ndio uliomaliza ukiwa mrefu kuliko yote. Nilikuwa nimeuzungushia duara na kuandika pembeni: "Ajabu."

"Kosa lako unalijua?" mwalimu aliuliza.

"Sikumwangalia mtoto."

"Hapana. Uliona mche ulionyimwa maji unanenepa, ukafurahi badala ya kushuku. Udongo wa makopo hayo uliwahi kuugusa?"

Sikuwahi. Wiki sita nilishika rula tu. Kidole kimoja kwenye udongo wa C kingenimalizia kazi tangu wiki ya pili. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ndogo.

"Basi andika kilichotokea, chote. Na huyo msaidizi wako umtaje. Jumatatu ni Jumatatu, siku siongezi." Akakata simu.

Niliandika kutwa nzima. Baba watoto alipika, akaunguza, tukala hivyohivyo. Nilifuta ugunduzi wangu wote, nikaandika kwamba kila mche wa Kundi C ulipata mililita thelathini za ziada kila jioni, wa saba sitini, kutoka kwa mtu wa pili, kuanzia siku ya nane, isipokuwa siku moja. Nikaandika pia kwamba Kundi A nilikuwa nalizamisha mwenyewe. Nilipoing'oa miche yake, mizizi ilikuwa myeusi na inanuka. Kwa ufupi, mwenye mkono mzuri wa kumwagilia katika nyumba hii alikuwa na miaka mitano. Jumatatu nilifika posta kabla hawajafungua mlango.

Siku zilizofuata sikukalika na mtu. Niligombana na kila aliyepita mbele yangu, mpaka redio. Nilishaanza kuvifunga vitabu kwenye boksi, nikijiambia navipanga tu. Siku ya kumi na mbili nilikuwa namwogesha Tingatinga simu ikaita. Mikono yangu ilijaa povu, ikabidi Mkaguzi anishikie sikioni.

"Sitini na nne," alisema Mama Ushahidi, bila salamu. "Ningekupa zaidi, lakini udongo uliugusa mwishoni. Umefaulu. Anza kitabu cha tano."

Pumzi niliyoitoa nadhani nilikuwa nimeibana tangu mwaka jana. Niliketi kwenye sakafu iliyolowa, nikalia na kucheka kwa pamoja, Tingatinga akanirushia maji usoni nami nikamwacha arushe. Nilikuwa mwepesi. Hakuna aliyeniondoa. Kesho ningeamka bado mwanafunzi, nifute uji mezani na kufungua kitabu.

Nilimvuta Mkaguzi nikampakata, na povu langu lote. "Tumefaulu," nikamwambia. Ndipo nikakumbuka kwamba mtoto huyu alihojiwa siku, saa, vikombe na mililita, lakini si mimi wala mwalimu aliyemuuliza sababu.

"Kwani ulikuwa unawapa maji kwa nini?"

Alinitazama kana kwamba mtoto ni mimi.

"Kila asubuhi ulikuwa unawapita, wanakuona unawapa wenzao," alisema. "Nikaona watakuchukia. Kwa hiyo nikawaambia ni wewe umenituma."