Nani Alimjibia Fakihi

Yasmini hakwenda kupika kwenye boti ya Brightson kwa njaa ya mshahara. Thubutu! Kwao Temeke alikuwa na wateja wa pilau za harusi mpaka wanamgombania. Alikwenda kulipa kisasi, na hilo alimwambia mama yake kweupe. Mama akasema "astaghfirullah", lakini begi alimfungia mwenyewe.

Kisa ni kaka yake, Fakihi. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaongoza wageni kuzamia kwenye boti hiyo hiyo, inayotoka Msasani na Wazungu wanaokula na kulala humo humo juma zima, kazi yao kutazama samaki na matumbawe. Kwenye boti kuna desturi: injini haiwashwi mpaka nahodha aite jina la kila aliyeshuka majini, naye aitikie kwa mdomo wake. Siku hiyo Fakihi alikawia chini akitafuta kamera ya mgeni. Nahodha Usama alipoita jina lake, akajibu Brightson, mwenye boti: "Yupo huyo, twende zetu, wageni wana ndege." Wakaondoka. Fakihi akaelea peke yake mpaka wavuvi walipomwokota alfajiri.

Kama hiyo haitoshi, Brightson akatangaza Msasani nzima kwamba kijana alivuta bangi, akajipoteza mwenyewe. Ukweli aliupenyeza Temeke mpishi wa zamani wa boti hiyo, lakini nani amsikilize mpishi? Hakuna boti iliyomtaka tena Fakihi. Akabaki ndani, haongei, hata ndoo ya maji ya kuoga anaiogopa. Mwanamume mzima, jamani, anafutwa mwili kwa kitambaa na mama yake! Kuna watu wangesamehe hapo. Yasmini hakuwa mmoja wao.

Brightson hakumshtukia, maana Yasmini na kakaye ni mama mmoja baba mbalimbali, na sura haziingiliani. Akapika, akasifiwa, akachekacheka. Siku moja Brightson, mpenda kujionyesha, akavaa mtungi wa hewa akashuka na wageni. Wageni walipanda wote. Yeye mkondo ulimchukua.

Usama akaanza kuita majina. "Bosi!"

"Yupo!" Yasmini akaitikia kutoka jikoni. "Kaingia kuoga, kasema twende tu."

Injini ikanguruma. Dirishani Yasmini akaliona puto la rangi ya chungwa, lile ambalo wazamiaji hulisimamisha waonekane, na pembeni yake mikono miwili inapunga. Tusidanganyane, alifurahi. Alifurahi mpaka akaimba taarabu, tena ya mafumbo, huku anamenya viazi. Piga kelele, baba. Piga tena. Malipo ni hapa hapa duniani.

Lakini kifo chake hakukitaka. Maiti haina ulimi, na yeye alikuwa na shida na ulimi wa Brightson. Viazi vilipoiva akapanda kwa nahodha.

"Kaka Usama, geuza boti. Bosi tumemwacha majini."

"Unasemaje wewe?"

"Nimemjibia mie, kama alivyomjibia Fakihi. Fakihi ni kaka yangu."

Usama akashika usukani. Siku ile ya Fakihi alikuwepo, akanyamaza kulinda kibarua chake. Akageuza boti bila kutukana.

Walimkuta sauti imemkauka, macho mekundu, analia waziwazi. Aliponyoosha mkono kushika ngazi, Yasmini akaivuta juu.

"Ngazi baadaye. Kwanza waambie hawa, nani alimjibia Fakihi?"

Wageni walikuwa wamejaa ukingoni, simu mkononi, wanarekodi. Brightson akamtazama Usama amwokoe. Usama akatazama pembeni.

"Mimi! Ni mimi!"

"Na bangi?"

"Hakuvuta! Nilimsingizia nisije nikafungiwa boti. Nitoe, dada yangu, nakufa!"

Loo! Mtu aliyezoea kumwita "we mpishi" leo kajua kuita dada. Yasmini akaishusha ngazi taratibu, hatua kwa hatua, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Kazi alifukuzwa kabla Brightson hajakauka. Akafika Temeke video imeshamtangulia mitandaoni, majirani wamejaa uani, na wenye boti waliomkataa kaka yake wanapiga simu kwa zamu. Fakihi hakupokea hata moja. Alikuwa kwenye mkeka wake, kaelekea ukutani. Yasmini akakaa karibu yake, akamsimulia yote.

"Alilia?" Fakihi akauliza.

"Alilia, kaka. Kama mtoto."

Fakihi akageuka, akajiinua, akaketi. Mama mlangoni akashika mdomo, kwani hajaisikia sauti ya mwanawe tangu arudishwe na wavuvi.

"Rudia," Fakihi akasema. "Anzia pale alipoiona boti inaondoka. Na usikimbilie kwenye kuokolewa."