Uyoga wa Bibi Eustakia

Mvua za kwanza zikinyesha Mugoma, vichuguu huota uyoga, na Keza alipokuwa mdogo hakukuwa na Krismasi iliyofikia siku hiyo. Bibi yake, Eustakia, aliupika kwa karanga za kutwanga, ugali wa muhogo ukifuka mvuke pembeni, na wajukuu wakagombania ukoko kana kwamba hawajala tangu wazaliwe. Raha iliyoje!

Lakini wakati huo Bibi alikuwa na macho. Uyoga wa kula na uyoga wa kuua hufanana kama mapacha, na asiyeona vizuri hana la kufanya kichuguuni.

Sasa Keza amekuja kumsalimia kutoka Runazi alikoolewa. Binti yake mdogo, Irambona, ameketi mkekani akinusa. Keza alipotoa shikamoo yake, Bibi aliitikia marahaba huku akiutazama mlango, na Keza hakuwa mlangoni. Macho ya mzee yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Alipapasa ukuta, akapapasa kiti, akakitua chungu cha uyoga mkekani, kando ya ugali.

"Huu uyoga kachuma nani, Bibi?"

"Mimi. Unadhani nina kijakazi?"

Kilima cha pili kutoka pale walikuwa wamezikwa baba, mama na watoto, wote kwa mboga ya uyoga ya usiku mmoja, na kaburi la mdogo kuliko wote Keza alilichungulia mwenyewe. Asiogope vipi? Na aseme nini? Huku kwao, ukikisukuma chakula cha mzee umemwita mchawi mbele ya watoto, na maneno hayo hayafutiki hata kwa padri.

"Tumeshiba, Bibi. Tulikula njiani."

"Mimi sijashiba!" alisema Irambona, na mkono wake ukaenda chunguni.

Keza aliupiga mkono ule. Kofi lililia. Mtoto akaangua kilio. Keza aliona aibu hadi masikio yakamuwaka, lakini mkono wa mtoto hakuuachia.

"Macho yamekufa, masikio hayajafa," Bibi alisema polepole. "Unaogopa nitamuua."

"Bibi, mimi..."

"Uogope. Mama asiyeogopa ni mama gani? Nilikula jana jioni, mjukuu wangu. Bakuli zima, la uyoga huuhuu. Nikavaa gauni langu la kanisani, nikaacha mlango bila komeo, nikalala na rozari."

Keza hakuelewa mara moja.

"Gauni la nini, Bibi?"

"Nisiwape watu kazi ya kunivalisha."

"Na kama ungekufa?"

"Mngenikuta mimi peke yangu. Mpe mtoto ale, ugali unapoa."

"Umeanza lini kufanya hivi?"

"Tangu macho yaanze kuniaga. Si kila siku, jamani! Nikiwa peke yangu nakula maharage. Uyoga ni wa wageni wangu."

Keza aliuachia mkono wa mtoto, na punde Irambona alikuwa ameshakata tonge, anatafuna na machozi yake mashavuni. Keza alinawa, akala naye. Jana mchana alikuwa amepiga simu. Kila safari hupiga siku moja kabla, akidhani ndiyo adabu. Na kila aliposema, "Bibi, kesho tunakuja," mzee huyu alichukua fimbo akaenda kichuguuni.