Sidonie Akataa Kuhamishwa

Asubuhi, katika ofisi moja nyuma ya soko la Mbarara, karani Tumuhimbise aliandika amri kwenye kioo cheusi cha kompyuta ili mafaili ya marehemu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale yabadilike majina yote kwa mkupuo. Kila lililoitwa "amekufa" liitwe "amehama". Wakubwa walitaka hivyo kabla wafadhili hawajafika, maana vifo vilikuwa vimezidi. Mafaili yakatii, isipokuwa moja, la Sidonie. Mashine ikajibu: amri ina kosa.

Ndipo akaitwa mumewe, Ezira wa Rubondo, kule kambini.

"Ssebo, mzee wangu, kaa. Bibi yako anasumbua kazi," karani alimwambia.

Ezira akamtazama Sidonie kwenye picha ya faili, ndani ya kioo. Siku ya kuandikishwa alipigwa picha akiwa na blauzi ya kuazima; sasa, katika picha ileile, alikuwa amevaa kitenge alichozikwa nacho. Alionekana mzima kuliko siku ile alipolala mlangoni akingoja gari la wagonjwa. Gari lilikuwepo, dereva yupo, mafuta yamo. Mkubwa wa kutia saini ili gari liondoke ndiye aliyekuwa kwenye semina.

Karani akalizungushia jina alama za kunukuu, kwa kuwa nafasi katikati huifanya mashine idhani ni watu wawili. Kosa. Akafunga mabano aliyosahau. Kosa. Kila kosa, Sidonie alikaza kitenge kiunoni, kama alivyofanya bombani mtu akimruka kwenye foleni.

"Amri iko sawa sasa," karani alisema. "Ni yeye. Ambia yeye atoke, mzee. Mimi pia niko na bosi."

"Nilimwambia angoje, gari inakuya. Akangoja, akakufa. Leo simwambie kitu ya kwenu." Ezira akainamia kioo, akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao. "Mama Patient, ubakie fasi yako. Bakikusukuma, basukume."

Sidonie akaketi vizuri.

Karani akaandika ripoti: wote wamehama, mmoja amekataa. Yule mkubwa wa kutia saini akaitwa kutoka Nakivale kuja kuisaini. Alifika mapema.

Jioni Ezira alirudi Rubondo, akapita gari la wagonjwa likiwa limeegeshwa. Jirani yake Doriane alikuwa mlangoni, uchungu wa kuzaa umemshika.

"Papa Patient, banasema ningoje. Mwenye kusaini iko Mbarara."

"Nilimuona. Usingoje hapana."

Akaung'oa mlango wa nyumba yake, akaulaza chini, akaita wanaume wambebe juu yake hadi hospitali. Doriane akakaza kitenge kiunoni, akapanda. Walipopita kwenye gari, dereva akawasalimia.